Maili za Nani? Vipimo vya Umbali na Maisha ya Maneno Yake katika Kiswahili



Mada niliyoichagua huenda ikaonekana kuwa ni ya walimu wa hisabati kuliko ya wanafunzi wa lugha. Ombi langu ni kwamba mnivumilie hadi mwisho, kisha mwamue wenyewe ni ya nani.

1. Utangulizi: Karatasi Mbili

Nilipokuwa mwanafunzi, nikiwa likizoni kijijini kwetu, wazee waliokuwa wakisuluhisha shauri la shamba waliniita niwasomee karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa hati ya mauziano iliyoandikwa kwa mkono, yenye alama ya dole gumba la muuzaji. Ilisema kwamba shamba lililouzwa ni ekari moja, yaani hatua sabini kwa sabini. Ya pili ilikuwa nakala iliyopigwa taipu miaka mingi baadaye, wakati muuzaji na mnunuzi wote walikwisha kufariki. Hiyo ilisema ni ekari moja, yaani mita sabini kwa sabini. Mwana wa mnunuzi alikuja na kamba yake akapima mita sabini kila upande. Mwana wa muuzaji akaona kamba inapita katikati ya migomba ambayo baba yake aliipanda kwenye sehemu ambayo hakuiuza.

Nilizisoma karatasi zote mbili kwa sauti. Mzee mmoja akaniuliza, "Wewe msomi, hatua na mita si kitu kimoja?" Sikuwa na jibu la kutosha. Nilijua kwamba si kitu kimoja, lakini sikuweza kueleza ni kwa nini namba ilikuwa ileile katika karatasi zote mbili, wala namba hiyo ilitoka wapi. Mhadhara huu ni jibu langu kwa mzee yule, ingawa limechelewa sana.

Hoja yangu ni moja. Tunapobadili umbali kutoka kipimo kimoja kwenda kingine, kwa kawaida tunadhani kwamba kazi yote ni kuzidisha: maili mara 1.609, futi mara 0.3048, na kadhalika. Napenda kuonyesha kwamba kabla ya kuzidisha kuna kazi nyingine, ambayo ni ya mwanaisimu na mwanahistoria. Katika Kiswahili vipimo vimebadilika mara nyingi kuliko maneno. Pengine neno limebaki na kipimo kimeondoka. Pengine namba imebaki na neno limeondoka. Asiyejua historia hiyo anaweza kuzidisha bila kosa lolote na bado akapata jibu lisilo la kweli.

2. Vipimo vya Mwili na Vipimo vya Mwendo

Kabla ya futi na mita, Mswahili alipima kwa mwili wake. Kamusi za zamani zimetuhifadhia mfumo kamili. Upana wa kidole uliitwa wanda. Kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha shahada ni futuri. Kutoka kidole gumba hadi kidole cha mwisho ni shibiri. Kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati ni mkono, au dhiraa. Na vidole vikifumbwa, kipimo kikaishia kwenye vifundo vya ngumi, ni dhiraa konde. Mikono miwili ni wari. Mikono minne, yaani mtu akinyoosha mikono yake yote miwili pande mbili, ni pima.

Mambo mawili yanastahili kuangaliwa hapa. La kwanza ni asili ya maneno. Shibiri na dhiraa yametoka Kiarabu, lakini pima ni neno la Kibantu, nalo lina mzizi mmoja na kitenzi kupima. Kwa hiyo, katika lugha yetu tendo lenyewe la kupima na kipimo cha mikono iliyonyooshwa vimefungamana. Mvuvi wa pwani hadi leo husema kina cha maji au urefu wa kamba kwa pima, na hakuna anayemwona kuwa amepitwa na wakati.

La pili ni uhusiano wa ndani wa mfumo huo. Tukichukua mkono kuwa karibu inchi 18, wari inakuwa inchi 36, ambazo ni yadi moja, na pima inakuwa futi sita. Kwa sababu hiyo vipimo vya Kiingereza vilipofika pwani havikuonekana kuwa vigeni sana. Kamusi zikaandika kwamba wari ni yadi, na wafanyabiashara wakakubali. Tofauti ilikuwa moja tu, nayo ni kubwa: yadi ilikuwa ya serikali, mkono ulikuwa wa mtu. Mnunuzi mwenye busara alimtuma ndugu yake mrefu dukani.

Umbali mrefu haukupimwa kwa mwili bali kwa mwendo. Ukisoma maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, au masimulizi yaliyokusanywa na Carl Velten katika kitabu Safari za Wasuaheli cha mwaka 1901, utaona kwamba umbali kati ya mahali na mahali mara nyingi hutajwa kwa siku, na pengine kwa saa za kutembea. Wasafiri wa Kizungu waliofuatana na misafara hiyo walizigeuza siku kuwa maili ili wachore ramani. Lakini siku si urefu. Mwendo wa siku moja hupungua mzigo ukiwa mzito, mvua ikinyesha, au maji yakiwa karibu. Nao huongezeka palipo na nyika isiyo na kisima. Mpagazi aliyesema "siku tatu" alikuwa akimweleza mwenzake kiasi cha chakula na maji anachohitaji. Aliyeandika "maili thelathini" aliieleza ramani. Habari hizo mbili zote ni za kweli, ila si habari moja.

3. Doti: Kipimo Kilichogeuka Kuwa Nguo

Mfano ulio wazi zaidi wa neno kubaki baada ya kipimo kuondoka tunao majumbani mwetu. Katika biashara ya misafara ya karne ya 19 nguo ilikuwa fedha, nayo ilihesabiwa kwa vipimo maalumu. Shuka ilikuwa mikono minne, yaani yadi mbili hivi. Doti, neno lililotoka Bara Hindi, ilikuwa mikono minane, yaani yadi nne, karibu mita 3.66. Hongo, ujira na bei ya chakula njiani vyote vilitajwa kwa doti na shuka.

Leo mwanamke akienda dukani akaomba doti ya kanga, hamwombi muuzaji mikono minane. Anaomba jozi: vipande viwili vya kanga vilivyochapwa pamoja, ambavyo jumla yake kwa kawaida haifiki yadi nne. Doti imeacha kuwa urefu, imekuwa idadi. Shuka nayo imeacha kuwa urefu, imekuwa jina la nguo ya kujifunga au ya kutandika kitandani. Mtafiti anayesoma barua ya mwaka 1880 na kukuta "doti kumi", akizifasiri kwa kanga za leo, atampunguzia mwenye barua mali yake.

Mafundi wetu nao wana somo lao. Fundi seremala akisema "niletee futi", mara nyingi hataki kipimo cha inchi 12. Anataka utepe wa kupimia, na utepe huo huenda umeandikwa sentimita upande mmoja. Katika kiwanja kimoja cha ujenzi utasikia tofali la inchi sita, nondo ya milimita 12, bati la futi kumi, na kiwanja cha mita ishirini kwa thelathini. Nchini Kenya ploti ya "hamsini kwa mia" inajulikana na kila mtu, na hakuna anayehitaji kuongeza kwamba ni futi. Kwa mita ni 15.24 kwa 30.48. Fundi haoni tatizo, kwa kuwa kila neno linakaa na kitu chake. Tatizo huanza mtu anapoitoa namba kutoka mahali pake na kuiandika katika karatasi peke yake.

4. Maili na Kilomita chini ya Dola Mbili

Tuje sasa kwenye barabara na mipaka. Historia ya vipimo katika nchi zinazosema Kiswahili haikwenda kwa mstari mmoja. Wabelgiji walikuwa watumiaji wa mfumo wa metriki tangu karne ya 19, kwa hiyo Kongo, na baadaye Rwanda na Burundi, ziliingia moja kwa moja katika kilomita. Ujerumani iliufanya mfumo huo kuwa wa sheria tangu mwaka 1872, hivyo dola iliyotawala Tanganyika kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa ya mita. Uingereza, iliyotawala Kenya, Uganda na Zanzibar, ilikuja na maili, yadi na futi. Na ilipopewa kuiangalia Tanganyika baada ya vita, maili zikaingia huko pia. Kwa maneno mengine, Tanzania Bara ilitoka kwenye kilomita, ikaenda kwenye maili, kisha baada ya uhuru ikarudi kwenye kilomita.

Reli zinatuonyesha kwamba mambo hayakuwa safi hata ndani ya dola moja. Wajerumani walianza reli ya Tanga mwaka 1893, na ile ya kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914. Upana wa njia ulikuwa mita moja. Hilo halishangazi. Lakini reli ya Uganda, iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901, nayo ilijengwa na Waingereza kwa upana wa mita moja, kwa kufuata reli nyingi za India. Ikawa njia iliyojengwa kwa mita huku urefu wake ukihesabiwa kwa maili. Wahandisi waliuandika upana huo kuwa futi 3 na inchi 3 na sehemu tatu za nane za inchi, na kazi ikaendelea.

Maili hizo zimebaki katika majina. Kibaha kuna Maili Moja, Dodoma kuna Maili Mbili, njia ya kutoka Moshi kwenda Arusha ina Maili Sita, na Eldoret kuna Maili Nne. Majina haya ni kumbukumbu, lakini ni kumbukumbu pungufu. Kibaha iko takriban kilomita 40 kutoka katikati ya Dar es Salaam. Kwa hiyo maili ile moja haikuhesabiwa kutoka Dar es Salaam. Ilihesabiwa kutoka wapi? Jina limehifadhi namba, halikuhifadhi mwanzo wake. Wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu wana kazi hapa, na wazee wa kuwauliza wanazidi kupungua. Wala hakuna atakayefikiria kuibadili Maili Sita iitwe Kilomita Tisa Nukta Saba. Neno likishakuwa jina, halibadilishwi kwa kuzidisha.

Uganda ilikwenda mbali zaidi. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uligawa ardhi kwa maili za mraba, na Waganda wakalichukua neno hilo wakalitamka mailo. Maili ya mraba ni ekari 640, karibu hekta 259. Lakini mailo leo si ukubwa wowote maalumu. Ni aina ya umiliki wa ardhi inayotambuliwa na Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, na mtu anaweza kuwa na mailo iliyo ndogo kuliko uwanja wa mpira. Kipimo kimekuwa sheria.

Mfano wenye uzito zaidi kwa pwani yetu ni wa mwaka 1886. Mwaka huo Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kuitambua milki ya Sultani wa Zanzibar katika ukanda wa pwani wenye kina cha maili kumi kuelekea bara. Waingereza walichukua usimamizi wa sehemu iliyoko Kenya ya leo mwaka 1895 kwa malipo ya kila mwaka kwa Sultani, na tarehe 8 Oktoba 1963 yakafanyika makubaliano ya kuuingiza ukanda huo katika Kenya huru. Katika siasa za miaka ya mwanzo ya 1960, na katika mabishano ya ardhi ya pwani hadi leo, maneno yanayosikika ni "maili kumi". Lakini maili zipi? Vitabu vya historia vinaeleza kwamba maili za makubaliano yale zilikuwa za baharini. Maili ya bara ni mita 1,609. Maili ya baharini, kwa kipimo kilichokubaliwa kimataifa mwaka 1929, ni mita 1,852. Kumi za kwanza ni kilomita 16.09, kumi za pili ni kilomita 18.52. Tofauti ni karibu kilomita mbili na nusu za upana, katika pwani yenye urefu wa mamia ya kilomita. Anayeandika kwa wepesi kwamba ukanda ule ulikuwa na upana wa kilomita 16 amehesabu sawasawa, ila ameisoma hati vibaya. Kosa lake linahamisha vijiji kutoka upande mmoja wa mstari hadi mwingine.

5. Maili Arobaini na Nane

Kufikia hapa mtu anaweza kudhani kwamba matatizo haya ni ya ardhi na serikali tu. Lakini yamo pia katika vitabu vya dini, ambavyo ni sehemu kubwa ya maandishi ya Kiswahili.

Waislamu wengi wa Afrika Mashariki wanafuata madhehebu ya Shafi. Katika madhehebu hayo msafiri anaruhusiwa kupunguza sala iwapo safari yake imefikia marhala mbili, ambazo ni farsakhi 16, nazo ni maili 48. Mfasiri anayeandika kwa Kiswahili huandika "maili arobaini na nane", na hakosei, kwa kuwa mil ndilo neno la Kiarabu lililomo katika kitabu. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anapotaka kujua ni kilomita ngapi, anazidisha kwa 1.609 na kupata kilomita 77. Hapo ndipo penye kosa. Maili ya vitabu vya fiqhi si ya Kiingereza. Wanavyuoni waliieleza kwa dhiraa, nao hawakuafikiana: Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameitaja kuwa dhiraa 6,000, na wengine wameitaja kuwa dhiraa 4,000, kila mmoja akiwa na dhiraa yake. Wanavyuoni wa zama zetu walioihesabu kwa kilomita wamepata majibu yanayoanzia takriban 80 na kukaribia 90. Sikusudii kuingia katika hukumu, kwani hiyo ina wenyewe. Nasema tu kwamba msafiri aliyefika kilomita 78 na kupunguza sala kwa sababu ya neno maili, ameongozwa na bunge la Uingereza katika jambo ambalo bunge hilo halikuwahi kuulizwa.

Katika Biblia mambo ni hayohayo. Tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952 inatumia mikono kwa vipimo vya safina ya Nuhu, na katika Injili ya Mathayo, sura ya tano, panatajwa maili moja na maili mbili. Maili hiyo ni ya Kirumi, takriban mita 1,480. Jina lake lina maana ya elfu, yaani hatua elfu moja za askari. Na hatua moja ya Kirumi ilihesabiwa mguu uleule unapokanyaga tena, kwa hiyo kwetu sisi ni hatua mbili. Maili ya Kiingereza na mil ya Kiarabu yote mawili yana asili katika neno hilo la Kilatini. Basi katika Kiswahili neno moja, maili, linabeba angalau vipimo vinne: cha Kirumi, cha fiqhi, cha bara na cha baharini. Kamusi zetu nyingi humweleza msomaji kimoja tu.

6. Kurudi kwa Mita na Wajibu Wetu

Mwishoni mwa miaka ya 1960 nchi za Afrika Mashariki zilianza kuuacha mfumo wa Kiingereza na kuingia katika metriki. Ni katika miaka hiyohiyo, mwaka 1967, ambapo Tanzania ilianzisha Baraza la Kiswahili la Taifa. Lugha ilipewa chombo cha kuisanifu wakati uleule ambapo vipimo vilikuwa vikisanifiwa. Kazi ya vipimo iliachiwa wataalamu wa mizani, na kazi ya maneno ikaachiwa wataalamu wa lugha, na mara nyingi makundi hayo mawili hayakukaa meza moja. Hata tahajia yenyewe haikutulia: wengine huandika meta na kilometa, wengine mita na kilomita, ilhali mita ni pia chombo cha kusomea umeme na maji.

Upande wa hesabu sasa hauna utata. Tangu makubaliano ya kimataifa ya mwaka 1959, yadi ni mita 0.9144 kamili, futi ni mita 0.3048, na maili ni mita 1,609.344. Upande wa maneno bado una kazi, nami napendekeza mambo matatu.

Kwanza, kamusi ziache kumweleza msomaji kwamba maili ni kipimo cha umbali chenye mita kadhaa tu, bila kusema ni maili ya nani na ya wakati gani. Kidahizo cha doti, cha dhiraa na cha hatua vinahitaji tarehe kama vile vinavyohitaji ngeli.

Pili, wahariri wa maandishi ya kale wasikifute kipimo cha asili na kuweka cha kisasa mahali pake. Waache neno la mwandishi lilivyo, kisha waweke ufafanuzi pembeni. Neno lililofutwa halirudi, na makosa ya kukokotoa yaliyomo ndani ya matini hayaonekani tena.

Tatu, tujihadhari na usahihi wa uongo. Mzee akisema mto uko "kama maili kumi", mwandishi hana haki ya kuandika kwamba uko kilomita 16.09. Neno kama lilikuwa sehemu ya kipimo. Mzee alitoa makadirio. Mwandishi amemtilia kinywani desimali mbili ambazo hakuzisema.

7. Hitimisho: Sabini Ilitoka Wapi?

Nirudi sasa kwa mzee wetu na karatasi zake mbili.

Ekari ya Kiingereza ni yadi za mraba 4,840. Tukitaka shamba la pembe nne zilizo sawa lenye ukubwa huo, kila upande utakuwa na yadi 69.57. Mtu wa shambani hahitaji desimali, atasema sabini. Na mwanamume mrefu akipiga hatua pana, hatua yake hukaribia yadi. Basi yadi sabini zikawa hatua sabini, na kanuni hiyo ikafanya kazi vizuri: yadi sabini kwa sabini ni mita za mraba 4,097, na ekari halisi ni mita za mraba 4,047 hivi. Tofauti yake ni ndogo kuliko kivuli cha mwembe mmoja mkubwa.

Kisha mita ikaja. Watu wakaambiwa kwamba yadi imekwisha, na kipimo cha hatua ndefu sasa kinaitwa mita. Neno likabadilishwa, namba ikaachwa. Mita sabini kwa sabini ni mita za mraba 4,900, zaidi ya ekari kwa karibu mita za mraba 850, ambazo ni kama sehemu moja ya tano ya ekari nzima. Kanuni hiyo ya mita sabini ingali ikitajwa vijijini na katika maongezi ya wauzaji wa mashamba, na wengi wanaoitaja hawana nia ya kudhulumu. Wamerithi namba bila kurithi neno lake.

Wazee walilimaliza shauri lile kwa njia yao. Walimwita mtu mmoja aliyekuwa shahidi siku ya mauziano, ambaye wakati huo alikuwa amezeeka na akitembea kwa mkongojo, wakamwomba aonyeshe mahali ambapo muuzaji aliishia kuhesabu. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye mnyaa mkuukuu uliokuwa nje kidogo ya migomba, akaugonga kwa mkongojo wake. Wakaamua kwamba mpaka ni hapo. Karatasi ya kwanza ndiyo iliyofuatwa, kwa sababu ndiyo iliyoandikwa na waliopima. Kijana mwenye kamba hakuridhika, na sidhani kwamba alikuwa mwongo. Nakala yake ilikuwa imeandikwa na mtu aliyeamini, kama mzee aliyeniuliza, kwamba hatua na mita ni kitu kimoja.

Laiti ningeulizwa tena leo, ningemjibu mzee yule hivi: Hapana, si kitu kimoja, na sabini hii si ya mita, wala haikuwa ya hatua, ilikuwa ya yadi. Ningemwomba pia, kabla hatujashika kamba, tuulize neno lililo katika karatasi liliandikwa na nani, lini, na alikuwa amesimama wapi alipoanza kuhesabu. Kuzidisha kutafuata, na kutakuwa kazi nyepesi.